Faremo au faremmo? Maswali yenu kuhusu vitenzi vya Kitaliano

Toleo lililopita niliwaomba mniletee vitenzi vya Kitaliano vinavyowatoa jasho. Nilitarajia barua nne, tano hivi. Kapu limejaa. Nyingine zimeandikwa nyuma ya risiti, nyingine nimeletewa kwa sauti ya simu huku bahari inavuma nyuma ya msemaji, na moja imetoka Bologna. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa mapokezi ya hoteli moja hapa Malindi miaka kumi na tisa, nikaenda Bergamo, kule Italia, miaka mitano kumtunza mama mzee, na sasa nafundisha jioni nyumbani kwangu Barani. Wanafunzi wanane wanatosha mezani, wa tisa huketi juu ya ndoo.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa mashua, Watamu. Nimenunua kitabu cha vitenzi, kila ukurasa kitenzi kimoja na majedwali mpaka chini. “Parlare” nimekikariri chote, lakini mgeni akiniuliza jambo naduwaa. Nyakati za Kitaliano ni ngapi hasa, na nianze na ipi?

Marahaba, mwanangu. Kwa hesabu ya vitabu vyao, kitenzi kina hali saba, na ndani yake nyakati 21. Indicativo (ya kutoa habari) peke yake ina nane, congiuntivo (ya kutaka na kudhani) nne, condizionale (ya -nge-) mbili, imperativo (ya amri) moja, kisha zile tatu zisizo na nafsi, infinito (kitenzi kizima, kama “parlare”), participio (“parlato”) na gerundio (“parlando”), mbili mbili. Nyingi kati ya hizo zina nafsi sita. Ndiyo maana umeduwaa. Mimi niliwahi kuyanakili majedwali hayo yote kwenye daftari la kurasa 200, kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Mwandiko wangu ulipendeza sana. Kitaliano kilibaki palepale.

Mashuani unahitaji tano tu kwa kuanzia: presente (naenda), passato prossimo (nimekwenda, nilikwenda), imperfetto (nilikuwa nikienda), “vorrei” na ndugu zake (ningependa), na amri ya heshima. Wakati ujao unaweza kusubiri, kwa sababu wenyewe husema “domani partiamo”, kesho tunaondoka, kama sisi. Ile iitwayo trapassato remoto usiiguse. Miaka mitano Bergamo sikuisikia ikitoka kinywani mwa mtu hata mara moja.

Jambo la kushika mapema: sisi mtendaji tunamweka kichwani mwa kitenzi, wao wanamweka mkiani. Ni-nasema, u-nasema, wa-nasema. Parl-o, parl-i, parl-ano. Kwa hiyo “io” haihitajiki kila mara, kama vile sisi tusivyohitaji “mimi”. Ukisema “io vado, io vengo, io mangio” unasikika kama mtu anayejipiga kifua: mimi naenda, mimi naja, mimi nakula. Vijana wa ufuoni wengi wana ugonjwa huo, na nahisi wameupata kwenye Kiingereza cha shuleni, kwa sababu kwenye Kiswahili haupo.

Jambo jingine halimo jedwalini mwako, na ndilo linalotutambulisha Waswahili kabla hatujamaliza sentensi. Mkazo sisi tunaupiga silabi ya pili kutoka mwisho, tuwe macho au usingizini. Basi tunasema parLAno, abiTAno, telefoNAno. Mtaliano husema PARlano, Abitano, teLEfonano. Wingi wao hufuata umoja: mtu mmoja “parla”, wengi “parlano”, mkazo haukuhama, ni mkia tu ulioongezeka. Kuzoeza sikio, fikiria barabara ya magari na ile “barabara” ya kusema “amejibu barabara”. Herufi zilezile, mkazo umerudi nyuma hatua moja. “Parlano” ni ya aina hiyo ya pili. “Abitano” na “telefonano” zinarudi hatua mbili, na hapo ulimi utajikwaa mwezi mzima, usijali. Vitenzi vya -ere vingine vina tabia hiyo tangu kwenye jina lake: PRENdere, SCRIvere, LEGgere. Lakini veDEre na aVEre vinakwenda kwa mwendo wetu.

Kitabu chako usikitupe. Kiweke nyumbani, mashuani nenda na sikio.

Mwalimu, kuna pahali naona “parleremo” na pahali pengine “parleremmo”. Hii m ya pili ni kosa la chapa au ina kazi? — Dereva wa tuktuk, Malindi

Ina kazi, na mimi ilinikata mshahara.

Ilikuwa msimu wa Krismasi, niko mapokezi mwaka wa tatu. Likaja kundi la watu saba, wanatoka Brescia, wanataka mashua ya kwenda kwenye fungu la mchanga la Mayungu, lile ambalo Wataliano wenyewe wanaliita Sardegna Due. Mwenye mashua alikuwa na sharti lake: bei inapungua kuanzia watu kumi. Kiongozi wao akaegemea kaunta, “Signorina, e lo sconto?” Yaani, na punguzo je? Nikataka kumwambia “Vi faremmo uno sconto, se foste in dieci”: tungewapunguzia, mngekuwa kumi. Nilipofika kwenye “sconto” simu ikalia. Nikanyanyua mkono wa simu, nikamwonyesha kidole cha “ngoja kidogo”. Alikuwa keshageuka, anawapigia wenzake kelele: “Ragazzi, ci fanno lo sconto!” Jamani, wanatupunguzia! Wakapiga makofi.

Maana mdomo wangu ulikuwa umetoa “faremo”. Faremo ni tutafanya. Faremmo ni tungefanya. Tofauti yote ni hiyo m moja, na sisi tunaiona kama pambo. Nilipojaribu kujieleza, bwana yule akaniambia kwa upole kwamba yeye amesikia ahadi. Mwenye mashua akakataa kupunguza hata senti. Meneja akasema aliyeahidi alipe. Januari nililipa.

Dawa nimeipata baadaye sana, nayo iko kwenye Kiswahili chetu. Wengi husema Waswahili hatuna konsonanti ya kukaziwa. Tunayo: mmoja, mmea, mmetoka. Midomo inafungwa, inakaa, ndipo inafunguka. Sasa tamka “fare”, kisha “mmo” ya “mmoja”, uziunganishe, mkazo uache kwenye “re”: fa-RE-mmo. Wanafunzi wangu wanalipata siku hiyohiyo. Hatari hii iko kwa “noi” tu. “Parlerò”, nitasema, na “parlerei”, ningesema, ziko mbali. Lakini anayefanya biashara husema “sisi” kutwa nzima: saremo na saremmo, daremo na daremmo, verremo na verremmo. Wewe wa tuktuk ukimwambia mgeni “la porteremo”, tutakupeleka, umeshamchukua hiyo safari, zima redio umpeleke.

Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa hoteli Kiwengwa, Unguja. Alikuja mama mzee wa Kitaliano, mvi kichwa kizima. Nikamvutia kiti nikamwambia kwa mapenzi kabisa, “Siediti, nonna.” Hakunijibu, akaenda kukaa meza nyingine. Nimekosa nini?

Waaleikum salaam. Umekosa viwili, na vyote kwa adabu njema.

Cha kwanza ni jina. Kwetu mwanamke mzima asiyejulikana ukimwita bibi umempa heshima yake. Kule “nonna” ni bibi wa mjukuu wake mwenyewe. Kwa mgeni lina harufu ya “naona umezeeka”. Mwite “signora” hata akiwa na miaka tisini.

Cha pili ni kitenzi. “Siediti” ni amri ya “tu”, ya rafiki, mtoto au mdogo wako. Mtu wa heshima ni “Lei”, na amri yake ni “si sieda”, au kwa hotelini tamu zaidi ni “si accomodi”. Sasa angalia jambo ambalo vitabu havituambii kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Hiyo amri ya heshima ni congiuntivo, na congiuntivo ni ile -e yetu ya mwisho. Wewe mwenyewe kwa mtu mzima huwezi kusema “Lete maji” ukaondoka. Utasema “Naomba uniletee maji”, “Karibu uketi”, “Tafadhali usubiri”. Lete na uniletee, keti na uketi. Mtaliano naye ana “aspetta” kwa rafiki na “aspetti” kwa mheshimiwa. Akili ni moja: heshima inakwepa amri kavu.

Tatizo ni herufi, zinabadilishana nguo. Kitenzi cha -are: rafiki anapata -a, heshima inapata -i. Guarda, guardi (tazama). Kitenzi cha -ere na -ire: rafiki anapata -i, heshima inapata -a. Prendi, prenda (chukua), senti, senta (sikiliza). Ukikanusha ndio kabisa: rafiki anaambiwa “non toccare”, kitenzi kizima bila mkia wa nafsi, na mama yako yule ataambiwa “non tocchi”. Wenzetu wa mashua wanaokataza wageni kugusa matumbawe wangefaa kuijua hiyo kuliko mtu yeyote.

Vijana wenzio wakija na kaptula zao wakakwambia “ciao”, nenda na “tu”. Wengine kaa na “Lei” mpaka wenyewe waseme “diamoci del tu”, yaani tuache urasmi. Na yule mama akirudi kesho, mvutie kiti, useme “Prego, signora, si accomodi.” Usieleze wala usiombe msamaha.

Mwalimu, mimi muuza vinyago, Silversand. Nikisema “ho andato” wanacheka. Nikisema “sono mangiato” wanacheka zaidi. Nitajuaje?

“Sono mangiato” wanacheka kwa sababu umewaambia umeliwa.

Wengi hufundishwa kwamba vitenzi vya mwendo huchukua “essere” (kuwa: sono, siamo) badala ya “avere” (kuwa na: ho). Ni uongo nusu. “Sono andato”, nimekwenda, sawa. Lakini nimetembea ni “ho camminato”, nimeogelea “ho nuotato”, nimesafiri “ho viaggiato”. Na nimebaki, ambaye hajaenda popote, ni “sono rimasto”. Afadhali ujiulize: kitendo hiki kimenihamisha mimi mahali au kimenibadilisha hali, nikaingia, nikatoka, nikafika, nikazaliwa, nikafa, nikabaki? Hapo essere. Vingine, kwa kawaida, avere. Na kitenzi cha kujifanyia, mi sono lavato (nimejiosha), mi sono alzato (nimeamka), siku zote essere.

Ukishaingia kwenye essere, mkia unafuata jinsia na wingi: mimi “sono andata”, wewe “sono andato”, kundi la Brescia “siamo andati”. Sisi watu wa kitabu kimeanguka na vitabu vimeanguka hatuna haki ya kulalamika juu ya upatanisho.

Moja itakusaidia kwenye biashara. Mteja akiipenda sanamu (“la statua”) hasemi “ho piaciuto la statua”, anasema “mi è piaciuta la statua”. Itafsiri kwa Kiswahili cha wazee: sanamu imenipendeza. Sanamu ndiyo mtendaji. Kwa hiyo kinyago kikubwa, “mi è piaciuto”, vinyago viwili, “mi sono piaciuti”.

Dada, habari za nyumbani? Niko Bologna mwaka wa nane, namtunza mzee. Nimejiandikisha mtihani wa B1 kwa ajili ya uraia. Kila insha nikiandika napigwa mstari mwekundu chini ya “se avrei”, mara chini ya “credo che è”. Mzee wangu naye anacheka. Mimi nikisoma naona sawa kabisa. Nisaidie kabla sijakata tamaa.

Habari za nyumbani njema, mvua imenyesha wiki nzima. Kwa wasomaji wengine: tangu Desemba 2018, anayeomba uraia wa Italia kwa ndoa au kwa kukaa miaka mingi, kwa kawaida anatakiwa kuonyesha cheti cha Kitaliano cha kiwango cha B1, yaani cha kati, na mitihani inayotambuliwa ni pamoja na ile ya vyuo vikuu vya wageni vya Siena na Perugia. Si mtihani wa kutisha. Lakini dada yetu ameshika nyoka wawili walewale walioniuma mimi.

Unaona sawa kwa sababu kwa Kiswahili ni sawa. Sisi tukiweka sharti, pande zote mbili zinavaa sare: ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba. -nge- huku, -nge- kule. Mtu akishajua kwamba ningenunua ni “comprerei”, na ningekuwa na ni “avrei”, anatia “se” mbele, hesabu imetimia: “Se avrei i soldi, comprerei una casa.” Mtaliano anaisikia kama sisi tunavyosikia “kitabu yangu”. Maana ameipata, lakini meno yamekufa ganzi. Na usidhani ni sisi wageni tu. Wataliano wenyewe wako wanaoteleza hapo, na wenzao huwacheka palepale, ndiyo sababu mzee wako amepata raha.

Kwao upande wa sharti na upande wa matokeo havivai sare. Upande wa “se” unavaa congiuntivo imperfetto: se avessi, se fossi, se potessi. Upande wa matokeo ndio unavaa condizionale: comprerei, sarei, andrei. “Se avessi i soldi, comprerei una casa.”

Mama niliyemtunza Bergamo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu zamani. Nilipofika, kumbukumbu ilikuwa imeanza kumponyoka. Saa saba mchana angeniuliza kama amekula, na sahani bado iko mbele yake. Jina langu alilipata siku moja, akalikosa tatu. Lakini nikisema “Signora, se avrei tempo”, kijiko kilianguka mezani: pa! “Avessi!” Supu inaruka mpaka kwenye kitambaa. Naendelea, nasahau, nasema “se sarei a casa mia”. Pa! “Fossi!” Sikuwahi kumwona akikosa. Alisahau mume alikufa mwaka gani, hakusahau congiuntivo. Nimeosha vitambaa vya meza vingi sana kabla “se avessi” haijatoka kinywani mwangu bila kufikiri, na mpaka leo nikiitamka huwa naangalia kijiko.

Sasa usikariri kwa jedwali. Tumia viambishi vyako. Ukitaka kusema kwa -ki-, mvua ikinyesha sitoki, hakuna congiuntivo yoyote: “Se piove, non esco.” Ukitaka -nge-, weka “avessi” upande wa se, “-rei” upande wa pili. Ukitaka -ngali-, ningalikuwa na pesa ningalinunua, jambo limeshapita, tia participio pande zote mbili: “Se avessi avuto i soldi, avrei comprato una casa.” Ngazi tatu kwao, ngazi tatu kwetu. Shida ni kwamba siku hizi wengi tunasema -nge- kwa jana na kwa leo, -ngali- tumewaachia wazee na washairi, kwa hiyo ngazi ya tatu imetuteleza kwa Kiswahili kwanza ndipo ikateleza kwa Kitaliano. Unapoandika insha, jiulize kwanza bibi yako angesema -nge- au -ngali-.

Hapo Bologna utasikia pia “se lo sapevo, non venivo”, ningalijua nisingalikuja, kwa imperfetto pande zote mbili. Wanaisema sokoni na kwenye basi, na ni rahisi. Iseme sokoni na kwenye basi. Kwenye karatasi ya mtihani hapana.

Nyoka wa pili, “credo che è”. Hapa ule undugu wa -e yetu na congiuntivo unakudanganya. Kwenye kutaka tunafuatana hatua kwa hatua. Nataka kula, “voglio mangiare”. Nataka ale, “voglio che mangi”. Mtendaji akiwa mmoja, kitenzi kizima. Wakiwa wawili, -e kwetu, congiuntivo kwao. Mpaka raha. Lakini wao wanaendelea nayo mahali ambapo sisi tumeshuka: kwenye kudhani, kuogopa, kufurahi. Nadhani yuko nyumbani, sisi tumesema wazi bila -e. Wao: “Credo che sia a casa.” Nafurahi umekuja: “Sono contenta che tu sia venuta.” Sikiliza roho ya jambo: likiwa linakaa kichwani mwa mtu, halijawekwa mezani kama habari, wanalivika congiuntivo.

Ukibanwa na saa chumba cha mtihani, kuna mlango wa nyuma, tena wa halali. Usianze na “credo che”. Anza na “secondo me”, kwa maoni yangu. Hiyo haidai congiuntivo: “Secondo me è a casa.” “Forse”, huenda, vilevile: “Forse è a casa.” Lakini tia angalau “credo che sia” mbili kwenye insha, msahihishaji azione.

Na kumbuka congiuntivo presente haitofautishi io, tu na lui: sia, sia, sia. Ndiyo maana pale juu nimeandika “che tu sia”. Yale niliyomwambia kijana wa Watamu kuhusu kujipiga kifua hapa hayahusu, hapa nafsi inatajwa ili watu waelewane.

La mwisho kwako, kwa sababu najua madaktari wanaingia nyumba hizo. Daktari alisema angepita. Usiseme “ha detto che passerebbe”. Ahadi iliyotolewa jana kuhusu wakati uliofuata inaandikwa kwa condizionale passato: “Il dottore ha detto che sarebbe passato.” Hata kama kweli alipita. Sababu yake usiniulize, yule mama hakunipa sababu, alinipa kijiko.

Mwalimu, mimi ni mzee wa Ngomeni. Miaka ya sabini nilipika jikoni kwa Wataliano wa San Marco. Fundi mmoja wa Sicilia alikuwa akisema “andai”, “feci”, “vidi”, hata kwa jambo la asubuhi ileile, nami nikasema kama yeye. Leo mjukuu wangu anayesoma kwako ananisahihisha: “Babu, sema sono andato.” Nani yuko sawa?

Shikamoo, mzee wangu. Kwa vijana wasiojua: kuanzia 1967 mpaka 1988 Wataliano walirusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco yaliyosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilipanda siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kitaliano cha Malindi kilianzia kwenye majiko na karakana za watu kama mzee huyu, kabla ya gelato na vitanda vya ufuoni.

Uko sawa, mzee, na mjukuu hakukosea. “Andai”, nilikwenda, ni passato remoto, wakati uliopita wa neno moja bila “sono” wala “ho”. Sicilia wanaitumia kwenye mazungumzo, hata kwa kilichotokea muda mfupi uliopita. Kaskazini imebaki vitabuni. Mama yangu wa Bergamo alisema “mi sono sposata nel 1958”, miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado alisema kwa “sono”. Toscana wako katikati, zote mbili ziko hai midomoni mwao. Kwa hiyo Kitaliano chako si kibovu, kina kwao.

Mjukuu mpe kazi hii badala ya kubishana. Passato remoto ya vitenzi vigumu hubadilika umbo kwa nafsi tatu tu, mimi, yeye na wao: vidi, vide, videro (niliona, aliona, waliona). Wewe, sisi na ninyi wanarudi kwenye shina la kawaida: vedesti, vedemmo, vedeste. Akusomee “prendere” kwa mtindo huohuo. Akianza na “presi, prendesti, prese”, mnunulie soda.

Mwalimu, nilimuuliza mgeni saa ngapi, akatazama jua akasema “Saranno le tre”. Hiyo si “zitakuwa”? Kwa nini ajibu kwa wakati ujao ilhali nimemuuliza sasa hivi? — Mwanafunzi, Mombasa

Kwa sababu alikuwa hana saa mkononi. Wakati ujao wa Kitaliano hufanya kazi ya kukisia, na wa kwetu pia. Rafiki yako hakuja darasani, unasema “atakuwa mgonjwa”. Ni wa leo huo ugonjwa, si wa kesho. “Sarà malato.” Hajapiga simu tangu jana: atakuwa amesahau, “avrà dimenticato”. Alitoka mapema: atakuwa amefika, “sarà arrivato”. Neno kwa neno, na huyu ndiye futuro anteriore ambaye wanafunzi wangu wanamwogopa jedwalini kama jini. Ukishamwambia mtu “atakuwa amefika” ameshamjua.

“Saranno le tre”, basi: itakuwa saa tisa hivi. Geuza na saa yenyewe, usije ukafika saa tatu asubuhi ukamkuta mtu amelala.

Nakatisha hapa, kuna mtu anabisha mlangoni. Sarà il pesce. Atakuwa wa samaki.